Vyombo vya Angani Hupishana kwa Umbali Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kiangazi kikishika na mawingu yakaondoka, huwa tunabeba darubini yetu moja na kutoka nje ya mji wa Dodoma, upande wa Chamwino, ambako taa ni chache. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Wanaokuja ni wanafunzi, wazazi wao, bodaboda waliotuleta wakaamua kungoja, na mara nyingine wazee wa jirani wanaotaka kujua tunatafuta nini shambani usiku. Maswali ya sayari huisha mapema. Yasiyoisha ni ya vyombo visivyo na watu: vimefika wapi, vimeachana kiasi gani, vinaonana? Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye WhatsApp, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Namba za umbali zinazobadilika nimezikadiria kwa mwishoni mwa 2025, maana hivi vitu havisimami.

Voyager 1 na Voyager 2, vyombo vya Marekani vilivyorushwa mwaka 1977, ni pacha. Bado ziko pamoja?

Hapana. Kila moja iko mbali na mwenzake kuliko ilivyo mbali na sisi, na hapo ndipo watu huniangalia kama nimekosea hesabu.

Voyager 1 iko kama kilomita bilioni 25 kutoka hapa. Treni ya SGR ikikimbia kilomita 160 kwa saa bila kusimama hata Morogoro, ingetumia zaidi ya miaka 17,000 kufika huko. Voyager 2 iko kama kilomita bilioni 21. Wengi wakisikia hivyo wanatoa 21 kwenye 25 na kubaki na bilioni 4. Kutoa namna hiyo kungefaa kama zingekuwa barabara moja. Lakini Voyager 1 ilipita karibu na Titan, mwezi wa Zohali, Novemba 1980, na mvutano wa Zohali ukaipinda kuelekea kaskazini, nje ya bapa ambamo sayari zinazunguka. Voyager 2 iliendelea hadi Uranus mwaka 1986 na Neptun mwaka 1989, na Neptun ikaipinda kuelekea kusini.

Ukitaka kuliona hilo kwa mwili wako, toka nje katikati ya Agosti, saa tatu usiku. Tafuta Nge, lile kundinyota lenye mkia uliokunjamana, halafu panda juu yake kuelekea kaskazini mpaka uingie kwenye eneo la kundinyota la Hawaa. Nyoosha mkono mmoja hapo. Utakuwa karibu umeunyoosha wima, kwa sababu kwetu Dodoma eneo hilo hupita jirani na utosi. Voyager 1 iko huko. Mkono wa pili uelekeze kusini, mashariki kidogo, juu ya upeo wa macho kama theluthi moja ya njia ya kufika utosini. Hapo ni kundinyota la Tausi, na Voyager 2 iko huko. Ukisimama hivyo unaonekana kama mtu anayeongoza magari kwenye kipilefti, na vijana hucheka sana, ila pembe kati ya mikono yako ni kama nyuzi 80.

Sasa wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawana pa kukimbilia, kwa sababu tuna pande mbili na pembe iliyo katikati, na kanuni ya kosaini tunaijua. 25 kipeo cha pili ni 625. 21 kipeo cha pili ni 441. Jumla 1,066. Toa 2 × 25 × 21 × kosaini ya 80, ambayo ni kama 182. Inabaki 884, na kipeo chake ni 29.7. Kwa hiyo pacha hawa wametengana kwa karibu kilomita bilioni 30.

Voyager 2 ndiyo iliyoondoka kwanza. Mbona inaitwa ya pili?

Voyager 2 ilirushwa tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Majina yalifuata nani atatangulia Mshtarii. Voyager 1 ilipewa njia ya haraka zaidi, ikaipita mwenzake tarehe 15 Desemba 1977 zote zikiwa ndani ya ukanda wa asteroidi, ikafika Mshtarii Machi 1979. Voyager 2 ikafika Julai.

Nimesoma kwamba mwaka 1998 Voyager 1 “iliipita” Pioneer 10, chombo cha Marekani kilichorushwa kabla yake. Zilipishana karibu?

Hapa nina dhambi ya kuungama. Miaka ya nyuma niliwaambia darasa zima kwamba siku hiyo vyombo viwili vilipitana gizani, kimoja kikamwacha mwenzake nyuma, na nikachora ubaoni mishale miwili sambamba. Mchoro ulikuwa mzuri. Ulikuwa uongo.

Fikiria stendi ya Nanenane, alfajiri. Basi la Morogoro linatoka, na baada ya muda linatoka la Arusha linalopita Kondoa. La Arusha lina dereva mwenye haraka. Saa fulani yote mawili yanakuwa yamemaliza kilomita 120, na dakika inayofuata la Arusha lina 121. Unaweza kusema limelipita la Morogoro? Kwa kilomita zilizohesabiwa kutoka stendi, ndiyo. Lakini abiria wa basi moja hawajaona hata vumbi la jingine.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 17 Februari 1998. Vyombo vyote viwili vilikuwa umbali mmoja kutoka Jua, karibu mara 70 ya umbali wetu sisi na Jua, halafu Voyager 1 ikazidi. Lakini Pioneer 10 ilikuwa inaelekea upande wa kundinyota la Ng'ombe, ambao ni kinyume kabisa na ule wa Voyager 1. Kwetu hapa, Nge anapochomoza upande mmoja, Ng'ombe anazama upande wa pili. Siku ya “kupitana” ndiyo siku zilipokuwa na mfumo mzima wa sayari katikati yao. Voyager 2 nayo ikaizidi Pioneer 10 mwaka 2023, lakini wakati huo Pioneer 10 ilikuwa bubu kwa miaka 20. Ishara yake ya mwisho ilipokewa Januari 2003.

Tangu hapo, mtu akiniambia chombo fulani kimekipita kingine, nauliza kwanza: kwa kuhesabu kutoka wapi?

New Horizons, chombo kilichotumwa Pluto, ilirushwa ikiwa na kasi kubwa sana. Haitaikuta Voyager 1?

Haitaikuta. Iliondoka Duniani Januari 2006 kwa kasi kubwa kuliko chombo chochote kabla yake, lakini Voyager zilisukumwa tena na sayari zilizopita njiani, wakati New Horizons ilipata msukumo wa Mshtarii tu. Leo inakwenda chini ya kilomita 14 kwa sekunde, na Voyager 1 karibu 17. Pengo linaongezeka kila siku.

Kuna picha moja ninayoipenda ingawa haionyeshi kitu. Tarehe 25 Desemba 2020, New Horizons ilielekezwa kule aliko Voyager 1, zaidi ya kilomita bilioni 18 kutoka kwake, ikapiga. Kwenye picha kuna nyota tu. Chombo chenyewe ni hafifu kama mara trilioni moja kuliko kamera ile inavyoweza kuona. Wakachora duara la manjano mahali kilipo.

Mbona kuna miezi ambayo tovuti ya NASA inaonyesha umbali wa Voyager 1 unapungua? Inarudi?

Hairudi. Tunaoifuata ni sisi. Dunia inazunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, zaidi ya mwendo wa Voyager 1. Kwa hiyo kila mwaka, karibu na mwezi Machi, tunakuwa upande wa mzunguko unaotupeleka kule iliko, tunaisogelea kidogo, halafu tunakata kona na kuiacha. Ukitaka umbali usioyumba, angalia ule unaopimwa kutoka Jua.

Basi vyombo vinakaribiana kweli wapi?

Kwenye mizunguko ya Mwezi na ya Mirihi. Kule vimejazana kwenye njia chache zenye manufaa, hasa zile zinazopita juu ya ncha za kaskazini na kusini, kwa sababu chombo kinachopita nchani hatimaye huona sehemu zote za chini yake. Njia zote za namna hiyo zinakutana nchani. Ni kama barabara za mji zinazoishia kipilefti kimoja.

Picha ya kwanza kabisa ya chombo kinachozunguka sayari nyingine, iliyopigwa na chombo kingine kinachoizunguka sayari hiyo hiyo, ni ya Aprili 2005. Mars Global Surveyor iliipiga Mars Express ya Ulaya kwa umbali wa kilomita 250, na siku iliyofuata ikaipiga Mars Odyssey ikiwa kati ya kilomita 90 na 135. Ni vidoa vyeupe vyenye umbo.

Kwenye Mwezi mambo yalikuwa ya karibu zaidi. Januari 2014, LRO, chombo cha Marekani kinachozunguka Mwezi, iliipiga picha LADEE, chombo kingine cha Marekani kilichokuwa kikipita kama kilomita 9 chini yake. LADEE ilikuwa inazunguka kwa kufuata ikweta ya Mwezi na LRO inapita nchani, kwa hiyo zilikatana kama njia panda. Halafu Machi 2024 ikaja zamu ya Danuri, chombo cha Korea Kusini. Danuri na LRO zilikuwa kwenye njia karibu sambamba, lakini kila moja ikienda kinyume na mwenzake, kama malori mawili kwenye barabara ya Singida. Katika mizunguko mitatu zilipishana kwa tofauti ya kilomita kati ya 4 na 8. Kasi ya kupishana ilikuwa kilomita 11,500 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 3 kila sekunde. Wewe ukifumba na kufumbua jicho, imeshapita.

Sasa angalia picha yenyewe. Danuri ina umbo la sanduku lenye mabawa ya sola, lakini pichani imetoka kama kijiti cheusi na cheupe kilicholala. Kamera ya LRO haipigi picha nzima kwa mkupuo. Inasoma mstari mmoja mmoja wa ardhi ya Mwezi wakati chombo kinasonga, kama mashine ya fotokopi inavyopitisha taa yake chini ya karatasi. Kila mstari ulichukua milisekunde 0.338 tu. Sogeza karatasi wakati taa inapita, herufi zinavutika. Danuri ndiyo karatasi iliyosogezwa. Nikiwaonyesha watu picha hii, nusu yao wanasema ni uchafu kwenye lenzi.

Tena kupiga picha kama hiyo si bahati. LRO ililazimika kugeuzwa ikaangalie mahali patupu, kwa muda uliopangwa mapema, chombo kikaingia kwenye mahali hapo kwa saa iliyokokotolewa. Ukichelewa sekunde moja unapata Mwezi mtupu.

Vimewahi kunusurika kugongana?

Vimewahi, ingawa magazeti hupenda kuongeza chumvi.

Mwanzoni mwa Januari 2015, mfumo wa kompyuta uitwao MADCAP wa JPL, kituo cha NASA kinachoongoza vyombo vya angani, ulionya kwamba MAVEN na Mars Reconnaissance Orbiter, vyombo viwili vilivyokuwa vikizunguka Mirihi, zingeweza kukaribiana hadi kilomita 3 baada ya wiki mbili. Siku zilivyosonga hesabu zikawa safi na haikuhitajika kusogeza kitu. Watu huuliza kwa nini kilomita 3 ziwatishe wataalamu. Kwa sababu ukitabiri chombo wiki mbili mbele, hujui kitakuwa nukta gani hasa. Unajua kitakuwa ndani ya wingu fulani la makisio, na wingu hilo linaweza kuwa refu kuliko hizo kilomita 3. Kinachoogopwa ni mawingu mawili kugusana.

Mwaka 2017 MAVEN ilibidi ikwepe Phobos, mwezi wa Mirihi, ambao si chombo lakini mfano wake ni mzuri kuliko wote. Hesabu zilionyesha kwamba wiki moja mbele, MAVEN na Phobos zingefika kwenye njia panda ileile kwa tofauti ya kama sekunde 7. Phobos ina upana wa kilomita 20 na ushee. Sekunde 7 hazitoshi. Tarehe 28 Februari wakaongeza mwendo wa MAVEN kwa mita 0.4 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtoto anayetambaa. Kwa wiki nzima nyongeza hiyo ilijikusanya, na zikapishana kwa dakika mbili na nusu.

Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Chandrayaan-2 ya India na LRO, karibu na ncha ya kaskazini ya Mwezi. Makadirio yalikuwa kwamba tarehe 20 tofauti yao ya kimo itashuka chini ya mita 100, na umbali wenyewe kuwa kama kilomita 3. Wahindi wakasogeza chombo chao siku mbili kabla.

Huku kwetu, kuizunguka Dunia, ajali imeshatokea. Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti mbili nzima, Iridium 33 na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imekufa, ziligongana juu ya Siberia, karibu kilomita 790 kutoka ardhini. Zilibaki vipande zaidi ya elfu.

Nani trafiki wa huko juu?

Hayupo. Kuna kompyuta zinazohesabu, barua pepe, na simu kati ya nchi. Chombo cha nani kisogee ni makubaliano, si sheria. Binafsi naona hali hii imechukuliwa kirahisi mno, hasa kwenye Mwezi, ambako kila nchi yenye fedha sasa inataka njia ileile ya nchani.

“Mwalimu, vikikutana havisalimiani?”

Hili nililiulizwa na mzee mmoja aliyekuja na fimbo yake na koti zito. Kwa Wagogo kumpita mtu bila kumwambia mbukwenyi ni kumdharau, na aliona ni aibu vyombo vya watu wenye elimu vipitane kimya. Nikamwambia: babu, vingi kweli havisalimiani. Voyager zina mtambo wa kurusha mawimbi wenye nguvu ya wati 23 hivi, chini ya balbu za zamani, na dishi lao la mita 3.7 limeelekezwa Duniani muda wote. Hazina namna ya kusikilizana. Salamu zote zinapitia kwetu.

Lakini vipo vinavyoongea. Vigari vya Mirihi, kama Curiosity na Perseverance, hutuma data nyingi kwa chombo kinachopita juu, nacho kinazileta Duniani. Januari 2005, chombo kidogo Huygens kilishuka Titan na kuisimulia Cassini, chombo kikubwa kilichokuwa kimekibeba, yote kilichoyaona, kwa njia mbili za redio. Njia moja ikapotea kwa sababu amri ya kuwasha kipokezi cha Cassini haikuandikwa. Picha kama 350 zikaenda hivyo hivyo. Mzee akatikisa kichwa: “Alisalimiwa, hakuwa amefungua masikio.”

Mfano mwingine ni wa mwisho wa mwaka 2000. Galileo ilikuwa inazunguka Mshtarii na Cassini ikapita kama kilomita milioni 10 kutoka kwenye sayari hiyo. Hazikuongea, ila ya nje ilipima upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, unaokuja, na ya ndani ikapima upepo huo unavyoitikisa sumaku ya sayari.

Ni mkutano gani unaoupenda wewe?

Rosetta, chombo cha Ulaya, na Philae, chombo kidogo ilichokibeba. Philae ilitua kwenye kimondo chenye mkia, 67P, tarehe 12 Novemba 2014, ikadunda, ikaangukia kivulini ambako sola hazikupata jua, betri ikaisha. Rosetta iliendelea kuzunguka hapo na kuitafuta kwa karibu miaka miwili. Tarehe 2 Septemba 2016 ilipiga picha kutoka kilomita 2.7, na kwenye ufa mweusi wa mwamba kikaonekana kisanduku cha ukubwa wa mashine ya kufulia, kimelala ubavu, mguu mmoja juu. Zilikuwa zimebaki siku 28 tu kabla ya Rosetta yenyewe kushushwa juu ya kimondo hicho na kuzimwa.

Na vilivyokosana kidogo?

Agosti 2021, Solar Orbiter na BepiColombo zilipita Zuhura tarehe 9 na 10, zikipishana kwa saa 33. Kichwa cha habari kilisema “mbili kwa pamoja”. Hazikuwahi kuwa karibu zaidi ya kilomita 575,000, zaidi ya umbali wetu na Mwezi.

Curiosity na Perseverance zinaweza kukutana?

Kati yao kuna kama kilomita 3,700, zaidi kidogo ya Dodoma hadi Cape Town kwa mstari ulionyooka. Curiosity imetembea tangu 2012 na haijafika hata kilomita 50.

Nawezaje kujihesabia mwenyewe?

Kuna huduma ya bure ya JPL inayoitwa Horizons. Haili bando kubwa. Ukiandika -31 unapata Voyager 1, na -32 ni Voyager 2. Wengi hawajui kwamba sehemu ya mtazamaji, ambayo kawaida huwa Dunia, unaweza kuibadilisha ukaweka chombo. Weka mtazamaji awe Voyager 1 na kinachotazamwa kiwe Voyager 2, na itakupa umbali kati yao bila kuingiza Dunia.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alifanya hivyo kwa tarehe za mwaka mzima, akaleta daftari. Alitaka kuona kama umbali kati ya pacha nao hupungua Machi. Haupungui. Unaongezeka kwa karibu kilomita 20 kila sekunde, mwezi baada ya mwezi, na safu yake ya namba ilikuwa imenyooka mpaka akadhani amekosea kunakili.